Jina "Nashville" kwenye Kiingereza: maana zake, matumizi yake, na tunavyolikosea tukitafsiri

Wakuu, habari za Jumapili.

Uzi huu nauelekeza kwa watafsiri, watangazaji wa vipindi vya zilipendwa, na yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye kaseti za Jim Reeves. Marehemu baba yangu alikuwa nazo tatu. Jumapili baada ya ibada ilikuwa marufuku kugusa redio mpaka upande wa pili uishe. Nyuma ya jalada la kaseti mojawapo paliandikwa Nashville, nami kwa utoto wangu nikaamini hilo ni jina la kampuni iliyotengeneza kaseti. Nashville ni jiji la jimbo la Tennessee, Marekani, lakini kumbe sikuwa mbali na ukweli, na hilo ndilo linalonileta hapa.

Mwezi uliopita nilipewa makala ya Kiingereza kuhusu mwimbaji wa kantri Willie Nelson niitafsiri kwa Kiswahili. Mahali fulani inasemwa kwamba Nashville haikujua la kufanya naye, mwisho akarudi kwao Texas. Mimi nikaandika: "Wakazi wa jiji la Nashville hawakujua wamfanye nini." Mhariri akapitisha. Usiku nikaisoma tena, usingizi ukaruka. Wakazi wa jiji wanahusikaje? Muuza duka wa Nashville hakumkataa Willie Nelson. Dereva wa basi hakumkataa. Waliomshindwa ni watu wachache wenye lebo na studio: walizipenda tungo zake, hata mmoja ukaimbwa na Patsy Cline mwaka 1961 ukavuma dunia nzima, lakini sauti yake mwenyewe hawakuona waiuze vipi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akahamia Austin, na huko ndiko alikong'ara kwa namna yake.

Kwa hiyo kwenye sentensi ile Nashville si jiji. Ni wenye biashara ya muziki wa kantri. Wamarekani wanalitumia hivyo kila siku: Nashville imemsaini fulani, Nashville haipendi nyimbo ndefu, fulani amegombana na Nashville.

Sasa tazameni Kiswahili kinavyolifanya jambo hilohilo, tena kwa ustadi zaidi. Nikisema "Jangwani pamefurika", kila mtu wa Dar anajua mvua imenyesha na barabara imefungwa. Nikisema "Jangwani wamesajili mshambuliaji", hata mtoto wa darasa la pili anajua nazungumzia Yanga. Msimbazi, kwa Simba, nako vivyo hivyo: Msimbazi kuna foleni, Msimbazi wamebadilisha kocha. Neno halikuguswa. Kilichobadilika ni upatanisho tu, pa- au ku- kwa mahali, wa- kwa watu wanaowakilishwa na mahali hapo.

Kiingereza cha Marekani hakina msaada huo. Nashville ikiwa jiji lenye mto na madaraja, kitenzi ni cha umoja. Ikiwa ni mabosi wa lebo, kitenzi ni kilekile. Msomaji wa kule hutofautisha kwa mazoea. Sisi tusio na mazoea hayo tunaangukia "jiji la Nashville" kila aya, na msomaji wetu anabaki akidhani mji mzima ulikutana uwanjani ukapiga kura dhidi ya mwanamuziki mmoja.

Sentensi yangu ilipaswa kuwa: "Nashville hawakujua wamtumieje." Basi. Kiambishi kimoja kinafanya kazi yote.

Nakaribisha maswali, nitakuwa najibu humuhumu.

Mchangiaji, Mbeya: Naweka kambi hapa. Mkuu, kabla hujaenda mbali, jina lenyewe linatoka wapi? Nash ni nani?

Mleta uzi: Nash ni Francis Nash, jenerali kutoka North Carolina wakati Wamarekani wanapigana kujitoa kwa Waingereza. Alijeruhiwa vibaya kwenye mapigano ya Germantown, tarehe 4 Oktoba 1777, akafa siku chache baadaye. Walowezi waliofika ukingoni mwa mto Cumberland mwishoni mwa 1779 na mwanzoni mwa 1780 walijenga ngome wakaipa jina lake: Fort Nashborough. Kwa hiyo jenerali alikuwa kaburini kabla ya gogo la kwanza kusimamishwa.

Kinachovutia ni mkia wa jina. "Borough" ni neno la Kiingereza, na baada ya vita watu hawakuwa na hamu ya kitu chenye harufu ya Uingereza. Ufaransa ndiyo iliyowasaidia. Mwaka 1784 bunge la North Carolina lilipoufanya mji rasmi, mkia wa Kiingereza ulikatwa ukawekwa wa Kifaransa: Nashville. Jimbo la Tennessee lenyewe halikuwapo bado, lilikuja kuzaliwa 1796.

Na ukichimba jina Nash utafika kwenye mti. Kwenye Kiingereza cha zamani mtu aliyekaa karibu na mti uitwao ash aliitwa "atten ash", yaani wa penye mti huo. Kwa kutamkwa haraka, ile n ya mwisho ya neno la kwanza ikahamia kwenye la pili, ikawa Nash. Sikio lilikata neno mahali pasipo pake. Sisi tumelifanya hilo mara nyingi: Waarabu wametupa "kitab", ambapo k ni sehemu ya mzizi, sikio letu likasikia ki- ya ngeli, tukapata vitabu. Kipilefti nacho kikazaa vipilefti.

Ila msije mkatafsiri Nashville kuwa "mji wa mti". Hakuna Mmarekani anayesikia mti ndani ya jina hilo, kama ambavyo wewe husikii jangwa ukiambiwa Jangwani wamefunga mabao matatu.

Mchangiaji, Lubumbashi: Hiyo -ville tunaijua vizuri huku. Mji wetu uliitwa Elisabethville mpaka 1966, Kisangani ikiwa Stanleyville. Babu yangu alizaliwa Albertville, leo ni Kalemie. Ni neno moja na la Nashville?

Mleta uzi: Ni hilohilo, ndugu yangu. Tofauti ni kwamba kwenu lililetwa na Wabelgiji likaondolewa baada ya uhuru, kule Tennessee walilichagua wenyewe kumkimbia mkoloni wao. Kipande kimoja cha neno, historia mbili zinazopishana.

Tofauti nyingine ni matamshi. Wamarekani wanaweka mkazo wote kwenye NASH, na mkia wanaumeza mpaka unasikika kama "vul". Kiswahili chetu kinapenda mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tukitamka "Nashivili" mkazo unahamia kwenye vi. Hilo ni haki yetu, sioni kosa. Lakini ukiwa unasikiliza mahojiano ili uyaandike, tegesha sikio kwa namna yao, la sivyo neno litakupita.

Mchangiaji, Nakuru: Huku Kenya tunapenda hizi nyimbo sana, kuna hadi wasanii wetu kama Sir Elvis. Lakini niulize: kwa nini wanauita "Music City"? Ni wao walijipachika?

Mleta uzi: Hapa nitakaa kidogo, maana kuna masimulizi mawili na yote yana uzito.

La kwanza ni la redio. Tarehe 5 Oktoba 1925 kampuni moja ya bima ya Nashville ilifungua kituo cha WSM. Herufi hizo zilitokana na kaulimbiu ya bima, "We Shield Millions", yaani tunawakinga mamilioni. Redio ilianzishwa kuuza bima, na hapo ndipo biashara ya kantri ilipopata mlango. Tarehe 28 Novemba mwaka huohuo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa kipindi kilichokuja kuitwa Grand Ole Opry. Jina hilo lilikuja Desemba 1927. Kituo kilikuwa kikipokea kipindi cha muziki wa hali ya juu kutoka kwenye mtandao wa NBC, chenye opera ndani yake. Kilipomalizika, mtangazaji George D. Hay akasema kwamba baada ya "grand opera" sasa watasikia "Grand Ole Opry", akiitamka opera kama watu wa shamba. Aliyemkaribisha kupiga wakati huo alikuwa DeFord Bailey, fundi wa kinanda cha mdomo, mtu mweusi. Kumbukeni jina hilo, nitalirudia.

Basi mwaka 1950 mtangazaji wa WSM aitwaye David Cobb, akitambulisha kipindi cha mwimbaji Red Foley, akatamka hewani "Music City, U.S.A." Jina likashika.

Simulizi la pili ni la zamani zaidi. Fisk ni chuo kilichofunguliwa Nashville mwaka 1866 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Hela zikaisha, majengo yakawa hoi. Oktoba 1871 kikundi cha wanafunzi tisa kikaondoka na mwalimu wao George White kwenda kuimba miji kwa miji kukiokoa chuo. Mwanzoni waliimba nyimbo za Kizungu, lakini zilizowatoa watu machozi zilikuwa nyimbo ambazo wazazi wao waliziimba wakiwa watumwa. Ndio Fisk Jubilee Singers. Mwaka 1873 waliimba mbele ya Malkia Victoria huko Uingereza, na husimuliwa kwamba malkia alisema lazima watu hawa wanatoka kwenye mji wa muziki. Fedha za safari zile zikajenga Jubilee Hall, iliyomalizika 1876 na bado imesimama. Kwaya nayo ipo hai: mwaka 2021 ilipata Grammy.

La malkia ni simulizi la mdomo. La Cobb lina redio nyuma yake. Ila kwa upande wangu, mji ambao watoto wa watumwa walitoka kwenda kumwimbia malkia ulikuwa na haki ya kuitwa mji wa muziki miaka 77 kabla ya tangazo la redio.

Kabla ya hapo lakabu yao ilikuwa nyingine kabisa, "Athens ya Kusini", kwa sababu ya vyuo vingi. Mwaka 1897 walijenga nakala ya hekalu la Parthenon kwa maonyesho ya miaka mia ya jimbo. Baadaye ilijengwa upya kwa zege miaka ya 1920, na hiyo ipo mpaka leo.

Mchangiaji, Arusha: Mimi nimekuta "Nashville sound" kwenye maelezo ya nyimbo za Jim Reeves. Nitafsiri "sauti ya Nashville"?

Mleta uzi: Mkuu, usifanye hivyo. Msomaji atafikiri ni sauti ya mtu au kelele za mtaa. Hapa Nashville ni mtindo, na una tarehe.

Katikati ya miaka ya 1950 rokenroli iliwanyang'anya kantri wasikilizaji vijana. Prodyuza wawili, Chet Atkins wa RCA na Owen Bradley wa Decca, wakaamua kuulainisha muziki: fidla ya kijijini na gitaa la slaidi linalolia kama mtu anayeomboleza vikapunguzwa au kuondolewa, vikaingia vinanda vya nyuzi vya mjini, piano ya taratibu, na waitikiaji wanaoimba kwa upole nyuma ya mwimbaji. Jim Reeves alifaa kuliko wote. Aliimba karibu sana na maikrofoni, kwa sauti ya chini, kama anayekunong'onezea wewe peke yako.

Naamini ndiyo sababu alipenya nyumba zetu. Wazee wengi hawakuelewa Kiingereza chote, lakini maneno yake yalisikika moja moja, na zile sauti za nyuma ziliwakumbusha kwaya. Alifariki tarehe 31 Julai 1964, ndege aliyokuwa akiiendesha mwenyewe ilipoanguka karibu na Nashville kwenye mvua ya radi. Alikuwa na miaka 40. Baba yangu alipokuwa akiniambia habari hiyo aliizungumza kama msiba wa jirani.

Mimi ningeandika "mtindo wa Nashville", na mara ya kwanza nieleze: kantri laini ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea. Na mjue neno hilo lina makali. Husimuliwa kwamba Atkins alipoulizwa mtindo huo ni upi, alitikisa sarafu mfukoni. Ndiyo maana wapo waliojitenga: kina Buck Owens na Merle Haggard huko Bakersfield, California, kina Willie na Waylon Jennings. Ukikuta mwandishi anasema wimbo fulani ni "wa Ki-Nashville mno", hausifu. Anasema umepigwa pasi mpaka ukapoteza mikunjo yake.

Mchangiaji, Morogoro: Napiga gitaa kanisani. Kuna video moja jamaa wanasema "Nashville number system". Nimeshindwa kufuata.

Mleta uzi: Kama umepita kwenye kwaya yenye nota za sol-fa, tayari unaijua nusu yake. Neal Matthews wa kundi la Jordanaires alianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha mpigaji Charlie McCoy akaieneza kwa wapigaji wa studio. Kodi (chords) zote za wimbo zinaandikwa kwa namba badala ya herufi. Kodi ya do ni 1, ya fa ni 4, ya so ni 5. Ukipiga kwenye C, basi 1, 4, 5 ni C, F, G. Mwimbaji akilalamika kwamba ni juu mno, mnashuka hadi A, na karatasi ileile inasomeka A, D, E. Hakuna anayeandika upya. Ikiwa kodi ni ya huzuni, yaani maina, wanaweka kistari kando ya namba.

Kule studio hukodishwa kwa vipindi vya saa tatu, na ndani ya saa hizo nyimbo kadhaa zinatakiwa ziwe zimekamilika na watu ambao hawakuzifanyia mazoezi. Mfumo ulizaliwa na saa ya ukutani.

Kuna na "Nashville tuning", usichanganye. Hiyo ni gitaa ambalo nyuzi nne nene (E, A, D, G) zimetolewa zikawekwa nyembamba za sauti zilezile lakini oktava moja juu. Linalia kama linameremeta. Kwa hiyo mpiga gitaa anaweza kulitaja jina Nashville mara kumi kwa siku na asiwaze jiji hata mara moja.

Mchangiaji, Zanzibar: Kwa heshima zote ndugu, jina hili nimezoea kulisikia likiwa na sura nyeupe tu. Umetaja DeFord Bailey ukampita.

Mleta uzi: Una haki, na nilikuwa nakuja huko.

Bailey alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa Opry, alisafiri na wenzake, mara nyingi hoteli waliyolala wao yeye hakuruhusiwa. Mwaka 1941 akaondolewa. Aliishi akifuta viatu Nashville hapohapo, maelfu ya mashabiki wa kantri wakipita. Aliingizwa kwenye Country Music Hall of Fame mwaka 2005, miaka 23 baada ya kufa kwake. Kila nikisoma habari hiyo hunikaba koo.

Kulikuwa na Nashville nyingine, mtaa wa Jefferson Street, uliojaa kumbi za bluzi na soul. Jimi Hendrix alipotoka jeshini mwaka 1962 alipiga huko kabla dunia haijamjua. Kisha barabara kuu ya I-40 ikapitishwa katikati ya mtaa, nyumba na kumbi zikabomolewa. Ndiyo maana mtu akisema "muziki wa Nashville" na kila msikilizaji akawaza kofia pana na gitaa, tujue kwamba maana hiyo ilifinywa. Haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Na kwenye vitabu vya historia ya haki za watu weusi, "Nashville" ina maana ya tatu kabisa. "Wanafunzi wa Nashville" ni wale walioanza tarehe 13 Februari 1960 kuketi kwenye mikahawa ya wazungu tu, wakitukanwa na kupigwa bila kurudisha mkono, baada ya kufundwa na James Lawson. John Lewis alikuwa mmoja wao. Aliyemkabili meya Ben West kwenye ngazi za ukumbi wa jiji, akamuuliza kama ni haki kumbagua mtu kwa rangi, ni binti mwenye jina la Diane Nash, mzaliwa wa Chicago. Jina Nash ni sadfa. Meya alikiri kwamba si haki, na tarehe 10 Mei mikahawa kadhaa ikaanza kuwahudumia watu wote. Ukitafsiri kitabu cha aina hiyo ukaweka maelezo kwamba Nashville ni "mji wa kantri", umempotosha msomaji.

Mchangiaji, Mbeya: Bado kuna nyingine?

Mleta uzi: Ndogondogo. Mwenyeji anaitwa Nashvillian. "Nashvegas" ni jina la utani kwa ajili ya taa na baa za mtaa wao wa Broadway. "Smashville" ni la mashabiki wa timu yao ya hoki ya barafu. "Nashville hot" kwenye menyu ni kuku wa kukaanga aliyepakwa pilipili kali. Kurasa za biashara zikiandika Nashville wakati mwingine wanazungumzia kampuni za hospitali, maana HCA, mojawapo ya kampuni hizo, ilianzia hapo 1968. Na "Nashville warbler" ni ndege mdogo mwenye tumbo la njano. Alexander Wilson alimwona karibu na Nashville mwanzoni mwa karne ya 19 akampa jina hilo, lakini ndege mwenyewe huzaliana kaskazini, hapo alikuwa anapita safari.

Mchangiaji, Arusha: Na ile makala ya Willie Nelson imeishia wapi?

Mleta uzi: Niliomba irudishwe. Mhariri alihofia kwamba "Nashville hawakujua" itaonekana kosa la uchapaji. Tukaelewana hivi: mara ya kwanza iwe "Nashville, yaani wenye lebo na studio, hawakujua wamtumieje", na kuanzia hapo ni Nashville wa- mpaka mwisho. Aya inayotaja barabara na mto Cumberland nimeacha i-. Imetoka Alhamisi.